Agner Erlang: Mwalimu aliyezipigia simu hesabu

KATIKA kila mtandao wa simu wateja ni wengi na njia za kupitishia mazungumzo ni chache. Aliyeonyesha kwa hesabu jinsi wengi wanavyoweza kugawana hizo chache ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark.

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878 katika kijiji cha Lønborg, mtoto wa mwalimu wa shule. Akiwa na miaka 14 tu, alipewa ruhusa maalumu ya kufanya mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, akafaulu vizuri. Alihitimu shahada ya hisabati mwaka 1901, kisha akafundisha shuleni kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1908 aliajiriwa na Kampuni ya Simu ya Copenhagen, baada ya kufahamiana na mhandisi mkuu wake, Johan Jensen, ambaye naye alikuwa mwanahisabati. Kampuni ilikabiliwa na swali zito. Ikiweka nyaya chache, mtu anayemtafuta daktari usiku angeweza kukosa njia. Ikiweka nyingi mno, fedha zingelala bure.

Mwaka 1909 Erlang alithibitisha kuwa simu, ingawa kila moja hupigwa kwa wakati wake usiotabirika, zikijumlishwa hufuata kanuni ya uwezekano. Mwaka 1917 alitoa kanuni ya kukadiria ni simu ngapi zitakazokosa njia.

Chukua simu 20 za dakika 3 kila moja ndani ya saa moja: jumla yake ni sawa na njia moja kutumika saa nzima. Hata hivyo zikipewa njia 1, nusu yake hukosa nafasi, kwa kuwa hazipigwi kwa zamu. Zikipewa njia 2, hukosa moja kati ya 5; zikipewa 3, moja kati ya 16. Njia ikiachwa na mmoja, hapo hapo humfaa mwingine.

Erlang hakuoa. Alipenda vitabu na aliwasaidia wenye shida waliomwendea. Alifariki dunia Februari 3, 1929 akiwa na miaka 51.

Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu iliupa jina lake kipimo cha mzigo wa simu: erlang.

Baadaye, katika mitandao ya data, waya ulipokewa na namba. Swichi huupa kila muunganisho namba ya utambulisho, na mazungumzo yakiisha namba hiyo hurudi kusubiri muunganisho mwingine. Katika mitandao ya X.25, iliyoanza miaka ya 1970, kiungo kimoja hakikuweza kuwa na namba zaidi ya 4,096. Zikiisha zote, anayefuata hukataliwa. Ni swali lile lile la Copenhagen, na kanuni ya mwaka 1917 ndiyo inayolijibu.