Muhammed Said Abdulla na Kicheko cha Bwana Msa

Jina la Muhammed Said Abdulla si geni kwa mwanafunzi wa riwaya ya Kiswahili. Aghalabu hutajwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika lugha hii, kisha mjadala ukaelekezwa kwa waandishi wengine. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haimtoshi. Abdulla alikuwa vilevile bingwa wa ucheshi, na ucheshi wake ulikuwa na kazi maalumu: kuwatoa watu hofu ya mambo ambayo hawajayachunguza. Maisha yake yanaonyesha jinsi alivyoifikia kazi hiyo.

Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya. Kwa takriban miaka kumi aliifanya kazi ya bwana afya, kazi inayomtaka mtu aulize maradhi yametoka wapi na yameenea kwa njia gani, badala ya kuridhika na uvumi wa mtaani. Mtu aliyezoea kutafuta chanzo cha ugonjwa hapati taabu kubwa kujifunza kutafuta chanzo cha mauaji.

Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika muongo uliofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu lilisimama upande wa Jumuiya ya Waafrika. Katika kipindi ambacho siasa za Zanzibar ziliwagawa watu kwa makabila na vyama, Abdulla alipata kuzisikia sauti za pande zote mbili. Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akalitumikia hadi alipostaafu mwaka 1968.

Wakati huohuo kipaji chake cha hadithi kilidhihirika. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na utulivu usiotikisika, pamoja na sahibu yake Najum. Msa ni mkato wa Musa, lakini pia ni herufi za kwanza za majina matatu ya mwandishi mwenyewe. Huo nao ni utani: mwandishi amejificha mahali ambapo kila msomaji anapaona.

Ni dhahiri kuwa Bwana Msa ana nasaba na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na Najum anakaa pale alipokaa Daktari Watson. Hata hivyo, Abdulla hakuleta mgeni aliyevishwa kanzu. Katika riwaya hiyo ya kwanza, maiti ya Bwana Ali, mtu mwenye mali, inakutwa mzimuni, na mahali penyewe panatosha kuwafanya watu waogope kuuliza zaidi. Mhalifu anajua kwamba hofu hiyo itamlinda. Bwana Msa hawatukani wanaoamini mizimu, wala hawahubirii. Huuliza, hutania, huvuta kiko chake, na polepole kinachodhaniwa kuwa kazi ya wafu kinajulikana kuwa kazi ya binadamu. Anayecheka hapati tena nafasi ya kutetemeka.

Kisha mfululizo ukaendelea: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Hata majina yana mzaha. Giningi ni makao ya wachawi katika masimulizi ya Zanzibar, na mwandishi anatupeleka huko kwa hoja. Mke mmoja wa waume watatu ni ada iliyogeuzwa juu chini.

Wahakiki hawakumsamehe kila jambo. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliibadili Zanzibar, lakini ulimwengu wa Bwana Msa ulibaki ule wa zamani, wa mashamba na mabwana wenye nafasi. Ukilinganisha na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi, ambamo unyonyaji wa wakulima unatajwa waziwazi, ukimya huo unasikika. Lawama hiyo ina uzito. Lakini mtu aliyehariri magazeti ya pande zilizohasimiana alijua pia jinsi woga na uvumi unavyoweza kuwaangamiza majirani. Kuwafunza wasomaji kudai ushahidi kabla ya kuhukumu halikuwa jambo dogo.

Kuhusu jukwaa na skrini, Holmes mwenyewe ni funzo. Mwigizaji William Gillette alimpandisha jukwaani mwaka 1899, na filamu fupi ya kwanza kumhusu ikatengenezwa mwaka 1900. Mwaka 1984, uliotoka Kosa la Bwana Msa, televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha mfululizo wa Holmes ulioigizwa na Jeremy Brett. Riwaya za Abdulla nazo zimejaa mali ya tamthilia: majibizano ya haraka, wahusika wenye lafudhi na tabia zao, na ufumbuzi unaotolewa hatua kwa hatua mbele ya wasikilizaji. Ugumu upo katika lugha. Kiko na kanzu vyaonekana kwa macho, lakini utani wa Bwana Msa umo ndani ya maneno, na anayeigiza kisa pekee huuacha ucheshi nyuma.

Hapa Mombasa bara ina la kuchangia. Vingi vya vitabu hivi vilichapishwa Nairobi na East African Publishing House, hivyo Bwana Msa ni raia wa Kenya pia kwa upande wa vitabu. Msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe anaifahamu hofu ya mizimu na majini bila ya kufafanuliwa. Changamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, na Kimvita kina utani wake. Mwigizaji atakayesema ndoo badala ya njoo, au mato badala ya macho, atabadili mdundo wa Kiunguja cha Abdulla bila ya kumpotezea Bwana Msa akili zake. Tafsiri ya namna hiyo, kutoka lahaja hadi lahaja na kutoka ukurasa hadi jukwaa, ni zoezi linalolingana na heshima ya mwandishi.

Muhammed Said Abdulla alifariki Machi 1991. Aliacha riwaya saba za mpelelezi mmoja, na ndani yake somo moja lililorudiwa kwa mbinu nyingi: jambo linalotisha lafaa kuulizwa lilikotoka, na swali likiulizwa kwa kicheko, hata mwoga atakaa asikilize jibu.