Frantz Fanon: Daktari Aliyekubali Kwamba Amekosea

Ukiwa Ukunda, Diani au Msambweni, hii stori unaijua. Kijana wa kwenu anaanza kusikia sauti. Mjomba anasema apelekwe hospitali, nyanya anasema ni pepo, aitwe mganga. Wanabishana, na mwenyewe amekaa hapo, hakuna anayemuuliza kitu. Basi leo nikupe maisha ya Frantz Fanon.

Alizaliwa 1925 kisiwani Martinique, koloni la Ufaransa. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia, akasomea tiba ya akili Lyon. Mwaka 1953 akaajiriwa hospitali ya Blida, Algeria.

Mwaka huohuo J.C. Carothers, daktari aliyewahi kusimamia Mathari kule Nairobi, alichapisha kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, kupitia Shirika la Afya Duniani. Alidai Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Yaani mimi na wewe, bana!

Fanon naye alianza kwa kukosea. Wodi ya wanawake Wazungu aliwaletea sinema, gazeti na sherehe, wakachangamka. Akapeleka mambo hayohayo kwa wanaume Waislamu wa Algeria. Wapi! Kimya. Angeweza kusema akili zao ndizo mbovu. Badala yake akajiuliza kama tatizo ni yeye. Akafungua mkahawa wa kienyeji humo hospitalini, akaleta msimulizi wa hadithi, sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa. Wagonjwa wakaanza kuchangamka.

Baadaye akachunguza imani ya majini. Hakusema ndiyo tiba. Aliona kwamba kwa watu wale mgonjwa halaumiwi, analaumiwa jini, hivyo akipona anarudi kwao bila aibu.

Mwishoni mwa 1956 alijiuzulu, akaenda Tunis kufanya kazi na wapigania uhuru wa Algeria. Katika kitabu chake cha 1961 alimpinga Carothers waziwazi: hasira ya anayetawaliwa inatoka kwenye ukoloni, haitoki kwenye ubongo wake. Desemba hiyo akafariki kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 36.

Sasa mjomba na nyanya wakianza tena, kijana mpeleke hospitali, usichelewe. Ila kaa naye kwanza, muulize anasikia nini. Na akirudi mtaani, asikute mtu wa kumwita chizi. Hapo daktari hawezi kutusaidia, ni juu yetu.