Urwa bin Zubayr na Siku ya Kukatwa Mguu

 

Ndugu zangu, safari hii nimechagua kuandika maisha ya Urwa bin Zubayr, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu tumemsikia kwenye mawaidha: ni yule aliyekatwa mguu akakataa kinywaji cha kumlewesha. Mara nyingi kisa huishia hapo, kisha tunaambiwa tusubiri kama yeye. Mimi nasomea uuguzi, na wodini nimeona kisa hiki kikitumiwa kumnyamazisha mgonjwa anayelia usiku wa kuamkia operesheni. Kwa hiyo naomba tukisome chote, kwa sababu nusu tunayoiacha ndiyo inayomfaa zaidi mgonjwa.

Urwa alizaliwa Madina karibu na mwaka 23 Hijria (644). Baba yake ni Zubayr bin Awwam, mmoja wa maswahaba kumi waliobashiriwa Pepo, na mama yake ni Asmaa binti Abubakar, yule wa mishipi miwili. Kaka yake ni Abdullah bin Zubayr, aliyeuawa Makka mwaka 73 Hijria (692). Katika nyumba iliyojaa watu wa vita na uongozi, Urwa alichagua elimu. Alikaa sana kwa mama yake mdogo, Bibi Aisha (r.a.), akachukua kwake hadithi, fiqhi, mashairi na nasaba. Jambo moja lilimshangaza: Bibi Aisha alijua tiba pia. Alipomuuliza ameipata wapi, alijibiwa kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiugua mwishoni mwa umri wake, wajumbe wa Waarabu walikuja kutoka kila upande wakimwelekeza dawa, na yeye ndiye aliyekuwa akimtibu kwa dawa hizo.

Urwa akawa miongoni mwa mafakihi saba wa Madina. Mwanawe Hisham na Imam Zuhri walichukua kwake elimu nyingi, na barua alizoandika kuhusu matukio ya Sira ni katika maandishi ya mwanzo kabisa ya fani hiyo. Bustani yake ilipoiva tende alikuwa akibomoa sehemu ya ukuta ili watu waingie, wale na wachukue. Kila siku alisoma robo ya Qur'ani akitazama msahafu, kisha akasimama nayo usiku.

Alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 60 alisafiri kwenda Damascus kwa Khalifa Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria (705–715). Njiani, karibu na Wadi al-Qura, kidonda kilimtoka mguuni. Kilikua na kula nyama, na alipofika Sham mguu ulikuwa ukioza. Matabibu walioitwa walimweleza waziwazi kwamba mguu usipokatwa, ugonjwa utapanda na kumaliza mwili wote. Akakubali.

Wakamtaka anywe kitu cha kumwondolea fahamu. Akakataa, kwa kuwa hakutaka akili yake iondoke kwa kinywaji, wala hakutaka apoteze kiungo bila kuhisi uchungu wake na kutarajia malipo yake kwa Allah. Wakaingia watu. Akauliza ni akina nani na wamekuja kufanya nini. Akaambiwa ni wa kumshika, kwani maumivu yanaweza kumshinda. Akasema anatarajia kuwatosheleza kazi hiyo mwenyewe. Wakakata nyama kwa kisu, na kisu kilipofika mfupani wakachukua msumeno, naye ulimi wake haukuacha kumtaja Mola wake. Kisha wakachoma jeraha kwa mafuta ya moto ili kuzuia damu, na hapo akazimia. Usiku ule tu ndio aliokosa uradi wake wa Qur'ani.

Alipozinduka aliomba aletewe mguu wake. Akaushika, akaugeuzageuza mikononi, na akamshuhudisha Allah kwamba hakuwahi kuutumia kuiendea haramu. Mguu ule ukaoshwa, ukatiwa manukato, ukavikwa kitambaa na kuzikwa makaburini.

Msiba haukuishia hapo. Katika safari ileile mwanawe Muhammad, aliyempenda sana, aliingia kwenye banda la wanyama wa khalifa, akapigwa teke, akafa. Urwa alimshukuru Mola wake kwa kuhesabu kilichobaki: watoto wake walikuwa saba, amechukuliwa mmoja wamebaki sita, viungo vyake vilikuwa vinne, kimechukuliwa kimoja vimebaki vitatu. Wala hakuwa jiwe. Wapokezi wamesimulia kwamba akirejea Madina alisoma ile aya ya Suratul-Kahf ambayo Nabii Musa (a.s.) anataja uchovu alioupata katika safari yake.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya watu waliomzunguka. Siku zile alifika kwa Walid mtu kipofu wa kabila la Abs. Mafuriko ya usiku mmoja yalikuwa yamechukua jamaa zake na mali yake yote, akabaki na mtoto mchanga na ngamia. Ngamia akakimbia, naye akamfuata. Nyuma yake mbwa mwitu akamuua mtoto, na alipomfikia ngamia akapigwa teke la uso lililompofusha. Walid akaagiza apelekwe kwa Urwa, ili Urwa ajue kwamba wapo waliopatwa na makubwa kuliko yake. Kisha huko Madina akaja Isa bin Talha kumpa pole. Hakumhutubia juu ya subira. Alimkumbusha kwamba wao hawakuwa wakimhitaji kwa mieleka wala mbio, bali kwa elimu na rai yake, na hivyo Allah amewabakishia. Urwa aliona kwamba hakuna aliyempa taazia kama ile. Akaendelea na ibada na kufundisha mpaka alipofariki, kwa kauli mashuhuri mwaka 94 Hijria, unaoitwa mwaka wa mafakihi kwa wingi wa wanachuoni waliokufa ndani yake.

Sasa tazama alichopata mgonjwa huyu. Kabla ya kukatwa aliambiwa ukweli wa ugonjwa wake, akaombwa idhini, akapewa nafasi ya kuchagua kuhusu dawa, na akajulishwa walioingia chumbani ni nani. Leo wauguzi na madaktari wanajua kwamba hofu kabla ya upasuaji ni jambo la kawaida, na kwamba mwenye hofu kubwa mara nyingi hupata maumivu makali zaidi baadaye. Sehemu kubwa ya hofu hiyo hutokana na kutojua: nitaamka? Nitaamkia wapi? Kiungo changu kitapelekwa wapi? Namkumbuka mzee mmoja mwenye kisukari aliyekataa kukatwa mguu kwa siku kadhaa. Watu walimdhania imani yake ndogo. Alipokaliwa chini na kuulizwa, ilibainika alichoogopa ni mguu wake kutupwa jalalani. Alipohakikishiwa kwamba wanawe watakabidhiwa wauzike, alitia saini fomu asubuhi ileile.

Baada ya upasuaji kazi haijaisha. Aliyekatwa kiungo anaweza kuhisi maumivu au mwasho kwenye mguu ambao haupo. Huko si kuwehuka wala si jini. Mishipa ya fahamu na ubongo bado vinautambua mguu ule, na yapo matibabu. Wazee wengine huamka wakichanganyikiwa kwa siku kadhaa, hawajui walipo. Wengine huingia kwenye sonona: hawali, hawalali, hawataki kuonekana. Hao waelezwe kwa daktari mapema, huku dua na ruqya zikiendelea.

Na tuwe waangalifu na kile alichokataa Urwa. Lile lilikuwa chaguo lake kwa nafsi yake, hakumlazimisha mwingine. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na dawa ya usingizi au ganzi inayotolewa na mtaalamu kwa haja ya matibabu wanachuoni wameiruhusu. Anayeikubali hajapunguza imani yake. Wala machozi hayavunji subira. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akabaki radhi na kadari ya Mola wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, utakapokwenda na wenzako wa jumuiya kuwazuru wagonjwa baada ya swala ya Ijumaa, kuwa Isa bin Talha. Mkumbushe mwalimu kwamba wanafunzi wanamsubiri, na mama kwamba watoto wanahitaji sauti yake zaidi ya miguu yake. Ukiweza, mpelekee mtu aliyepita njia hiyohiyo akapona, kama Walid alivyofanya. Akilia, mwache alie, ukae naye. Neno subira lina uzito mkubwa, na mgonjwa hulibeba vyema akiona kwamba halibebi peke yake.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awatulize nyoyo wanaosubiri upasuaji, na amlipe Urwa kheri kwa mguu uliomtangulia. Aamiin.