Blaise Pascal: aliyeunda mashine ya hesabu, akashona karatasi ndani ya koti



Wiki mbili zilizopita, baada ya mkutano wa vijana hapa kwetu Lupiro, rafiki yangu alinionyesha simu yake. Alikuwa ameiuliza programu ya akili mnemba uwezekano wa Mungu kuwepo ni asilimia ngapi. Ikampa namba, tena chini ya nusu. Akaniambia kama kompyuta yenyewe inasema hivyo, yeye jumuiya anakuja kufanya nini? Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani. Sikuwa na jibu na iliniuma kweli. Ndipo nikaanza kumsoma Pascal.

Jina lake tumelikuta wote kwenye fizikia, maana paskali ni kipimo cha mgandamizo. Ila mwalimu hakutuambia habari zake. Alizaliwa Clermont, Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 3, akabaki na baba na dada wawili, Gilberte na Jacqueline. Baba yake alipewa kazi ya kodi kule Rouen, kazi ya kujumlisha namba mpaka usiku. Kijana kumwonea huruma baba, mwaka 1642, akiwa hajatimiza hata miaka 20, akaanza kuunda mashine ya magurudumu inayojumlisha na kutoa yenyewe. Alijaribu na kubomoa mara nyingi mno kabla haijamridhisha. Huyu basi ni babu wa kompyuta zetu, na alianza kwa kumsaidia mzee wake.

Mwaka 1654 akapelekewa swali la wacheza kamari. Watu wawili wameweka sarafu 32 kila mmoja, na atakayetangulia kushinda mara 3 anachukua zote 64. Mmoja ameshashinda mara 2, mwenzake mara 1, halafu mchezo unakatika. Wagawaneje? Pascal alijadiliana kwa barua na Fermat, mwanahesabu mwenzake. Hesabu yake ni hii: tuseme wacheze mara moja zaidi. Yule aliyetangulia akishinda, anachukua 64. Akishindwa wanakuwa sawa, anapata 32. Kwa hiyo 32 ni zake tayari, na 32 zilizobaki ni nusu kwa nusu, yaani 16. Anaondoka na 48, mwenzake 16. Barua hizo ndizo zilizoweka msingi wa hesabu za uwezekano, zilezile ambazo programu za leo zinatumia kukisia.

Sasa cheki mwaka huohuo. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu mpaka saa sita na nusu, bwana huyu wa hesabu alikutana na Mungu. Akaandika kwenye karatasi, akaishona ndani ya koti lake. Kila akibadilisha koti alifumua na kushona upya, kwa miaka 8, bila kumwambia mtu. Mtumishi ndiye aliyeigundua baada ya mazishi.

Hakuwa malaika. Alipinga dada yake Jacqueline asiingie utawa. Aligombana vikali na Wajesuiti, na kitabu chake kimoja kikawekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Lakini Papa Fransisko alimwandikia barua nzima ya kitume tarehe 19 Juni 2023, alipotimiza miaka 400 tangu kuzaliwa.

Kilichonisaidia mimi ni maandiko aliyoacha hayajakamilika, yaliyotolewa kitabu mwaka 1670. Humo anakiri kwamba mashine yake inafanya mambo yanayokaribia fikra kuliko yoyote ya wanyama, ila haina utashi. Haitaki kitu. Na anapolinganisha imani na kamari, haanzi na asilimia. Anauliza unaweka nini mezani na utapata nini, kwa sababu kuishi tayari ni kucheza. Asiyeweza kuamini anamshauri aanze kwa matendo: ajiguse maji ya baraka, aombe misa.

Sisi wa bondeni tunalijua hili kidogo. Utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara uliotoka mwaka 2016 uliwapa wanavijiji wa huku Ulanga ramani zenye visanduku, waonyeshe wapi mbu ni wengi. Kompyuta ikaunganisha makisio yao ikachora ramani, kisha ikategwa mitego. Makisio ya wanavijiji yakalingana vizuri na mitego. Kompyuta ilichora, sawa, ila aliyeng'atwa ndiye aliyejua. Ile programu ya rafiki yangu imejumlisha maneno ya watu wengine. Haijawahi kupiga magoti wala kukataa kupiga.

Miezi ya mwisho ya Pascal ndiyo naipenda zaidi. Mwaka 1662 alisaidia kuanzisha magari ya farasi ya abiria Paris, nauli senti tano, kama daladala, na mapato yake alitaka yasaidie maskini. Alikuwa ameipokea nyumbani kwake familia maskini. Mtoto wao akaugua ndui. Badala ya kumtoa mtoto, yeye mwenyewe mgonjwa akahama, akaenda kwa dada yake Gilberte. Akaomba apelekwe hospitali afe kati ya maskini, wakaona hawezi kubebwa. Alifariki tarehe 19 Agosti 1662, miaka 39.

Juzi nilimfuata rafiki yangu shambani, yuko anafukuza ndege kwenye mpunga. Nikamsimulia yote haya. Ya asilimia hakuyagusa kabisa. Aliniuliza tu ile karatasi ya kwenye koti iliandikwa nini. Nimemwambia aje Jumamosi tuisome wote.