Stagg, kocha ambaye chuo chake kiliiacha Big Ten

Amos Alonzo Stagg alizaliwa mwaka 1862 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Mwaka 1892 alianza kufundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi, katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alikaa hapo miaka 40. Chuo hicho ni kimoja kati ya saba vilivyoanzisha, mwaka 1896, ligi ambayo leo inaitwa Big Ten, na chini ya Stagg kilibeba ubingwa mara saba.

Mwaka 1932 alistaafishwa kwa sababu ya kufikisha miaka 70. Hakukubali kupumzika, akaenda kufundisha California. Nyuma yake timu ilididimia, na mwaka 1939 wakuu wa chuo, walioweka masomo mbele ya mpira, wakaifuta. Uwanja wenye jina la Stagg ukabaki bila timu. Ikumbukwe kwamba chini ya majukwaa yake, Desemba 1942, wanasayansi waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani, katika mradi wa bomu uliotegemea sana uraniamu ya Shinkolobwe, kwetu Katanga.

Chicago ikaondoka katika ligi mwaka 1946. Stagg aliyaona yote hayo. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102. Leo Big Ten ina vyuo 18, hadi pwani ya Pasifiki, na pesa za televisheni ndizo zinazovivuta. Chicago haimo.