Muhammed Said Abdulla: Maisha Yake na Riwaya Zinazongojea Filamu

Miongoni mwa waandishi wa nathari ya Kiswahili ambao kazi zao zingefaa kuhamishiwa kwenye filamu au televisheni, Muhammed Said Abdulla anastahili kutangulizwa. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa muhtasari, na yanajaribu kuonyesha kwamba ubora wa riwaya zake kwa filamu umo katika jinsi alivyoifahamu jamii yake, wala si katika visa vya mauaji peke yake.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi, kazi aliyoifanya kwa muda wa miaka kumi hivi. Kazi ya namna hiyo humlazimu mtu kuingia majumbani, kuuliza maswali, na kuyatazama yale ambayo wenyeji wameyazoea hata hawayaoni tena. Wakati huo huo alianza kuhariri gazeti la Zanzibari, na mwaka 1948 akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Al-Falaq lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu lilikuwa la Jumuiya ya Waafrika. Kwa hiyo aliisikia Unguja kutoka pande zaidi ya moja. Kuanzia 1958 alihariri Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Humo alizaliwa Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Athari ya Sherlock Holmes na Watson ni dhahiri. Lakini mazingira, lugha na mafumbo ni ya Unguja. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Ni jambo la kutafakari kwamba Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, takribani miongo miwili kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote. Hivyo riwaya zake kadhaa zilitoka wakati chombo kilichozifaa kimo visiwani humo humo. Mhusika mmoja anayerejea katika visa mbalimbali ndiye msingi wa tamthilia ya mfululizo, na Abdulla alikuwa amekwisha kumwandaa.

Hata hivyo, mwongozaji atakayemkabidhi Bwana Msa bastola na kumkimbiza mitaani atakuwa amempoteza. Silaha ya mpelelezi huyu ni fikra na mazungumzo. Pale watu wanapodhani mizimu imetenda, yeye hutafuta mkono wa binadamu. Na mara nyingi fumbo humalizikia katika nasaba iliyofichwa: nani mtoto wa nani, na nani mwenye haki ya kurithi. Siri za aina hii hufichuka katika salamu, katika kusita, na katika jina ambalo mtu hakulitaja. Kamera iliyo karibu na uso wa msemaji yaweza kuyanasa hayo vizuri kuliko ukurasa.

Aidha, sehemu kubwa ya riwaya hizi inaichora Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964. Watu wanaoukumbuka wakati ule, mavazi yake, nyumba zake na mazungumzo yake, wanazidi kupungua. Mitaa yaweza kujengwa upya kwa mbao na rangi. Lafudhi na adabu za maongezi haziwezi. Yeyote anayekusudia kumleta Bwana Msa kwenye kioo hana budi kuwaendea wazee hao kwanza, kabla hajatafuta wachezaji.