Dijkstra: Jamaa aliyefunza kompyuta kungoja zamu

Hebu fikiria hivi. Wewe na dadako mna akaunti moja yenye Sh1,000. Wewe uko mjini, yeye yuko nyumbani, na kila mmoja anatoa Sh800 sekunde ile ile. Programu mbili zinasoma salio kwa pamoja, zote zinaona elfu moja, zote zinatoa pesa. Hasara hiyo!

Mmoja wa waliotuepusha na balaa hii ni Edsger Dijkstra, aliyezaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1930. Alisomea fizikia, lakini kompyuta zikamteka. Alipooa mwaka 1957, alijaza kwenye fomu kwamba kazi yake ni kutunga programu. Maafisa wa Amsterdam wakakataa, eti hakuna kazi kama hiyo. Ikabidi ajiandike mwanafizikia.

Hakufa moyo, bana. Mwenzake, Dekker, alikuwa amepata njia ya kuzuia programu mbili zisigongane. Mwaka 1965 Dijkstra akachapisha njia inayofaa hata zikiwa nyingi. Akabuni pia semafo, jina alilotoa kwa ishara za reli. Ni hesabu tu: programu ikitaka kugusa kitu cha pamoja, inapunguza moja. Ikikuta sifuri, inalala. Inayotoka inaongeza moja, na aliyelala anaamshwa.

Lakini kufuli nazo zina mtego wake. Mwaka huo huo alitunga swali la mtihani ambalo leo husimuliwa hivi: wanafalsafa watano wamezunguka meza yenye uma tano, na kila mmoja anahitaji mbili ndipo ale. Kila mtu akinyakua ya kushoto na kungoja ya kulia, watakufa njaa wote. Dawa? Zipe uma namba, kila mtu aanze na yenye namba ndogo. Ukiandika programu yenye kufuli mbili, fuata mpangilio huo huo kila mahali.

Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Turing, ile kubwa kabisa katika kompyuta. Aliaga dunia Agosti 2002, huko kwao Uholanzi.

Mimi niliacha chuo, na kwetu bado wananiuliza nitapata kazi lini, laptopu ikiwa mapajani. Nawe ukiulizwa hivyo, usikasirike. Wasimulie kuhusu ile fomu ya Amsterdam, kisha uendelee na kazi.